Javel ya Kavira

Kavira hakupenda kitu chenye utelezi. Dongodongo, yaani bamia, haikuingia katika sufuria yake. Chura akiruka uani, alimfukuza kwa fagio mpaka barabarani. Hata wachungaji wenye maneno laini aliwaweka katika fungu hilo hilo. Aliwasikiliza huku amekunja mdomo kama mtu aliyepewa chai ya jana.

Alizaliwa Butembo, katika nyumba ya udongo iliyofagiliwa kuliko kanisa. Mama yake alifua hata magunia ya maharagwe. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kwamba mtu mchafu ni mvivu, na mvivu si mtu. Kavira hakuongeza kitu juu ya somo hilo, wala hakupunguza. Shule aliiacha mapema. Alisema mwalimu alikuwa na kola nyeusi.

Akaolewa na Mumbere, mtu wa kamyo, malori ya mizigo. Wakahamia Bunia kufuata biashara, vita ikawakimbiza, vita ilipochoka wakarudi. Waliikuta nyumba yao ya Bunia haina bati wala milango, na mtu alikuwa amechinjia mbuzi katika chumba cha kulala. Mumbere alikaa juu ya tofali, akashika kichwa. Kavira alizunguka nyumba yote akiangalia kuta.

“Hata kuiba hawajui,” alisema. “Wamebeba milango, wameacha bawaba.”

Kisha akatafuta ndoo.

Amani ya miaka ile ilikuwa ya kuchungana. Watu walipeana mkono, macho yakiwa juu ya bega la mwenzake. Gurudumu likipasuka barabarani, soko zima lililala chini, halafu kila mtu aliinuka akipangusa vumbi na kujifanya alikuwa anaokota kitu. Mtaani kwao Nyakasanza, familia za Butembo zilikaa ukuta kwa ukuta na familia za hapa hapa Ituri, watu wa ng’ombe na mashamba. Kila mtu alijua jirani yake alikimbilia upande gani wakati ule. Hakuna aliyeuliza.

Mumbere alijenga garaje katika ua ule ule wa nyumba. Kamyo zilizotoka Ariwara na Butembo ziliingia pale na matope yao, zikaoshwa, zikabadilishiwa mafuta. Maji yalitoka meusi, yamechanganyika na mazutu na esansi, yaani dizeli na petroli, yakateremka katika mfereji mpaka chini, kwa Mama Orly.

Mama Orly, jina lake Immaculée, watu wake walikuwa na ng’ombe upande wa Djugu. Vita ilichukua ng’ombe, ikachukua na bwana. Yeye akachimba bwawa pale bondeni, akaweka tilapia, akauza sokoni Nyakasanza. Ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Bwawa likifa, watoto hawali.

Kavira alimwangalia kutoka juu ya mteremko.

“Mutu ya ng’ombe kuchunga samaki,” alisema. “Ataziita na filimbi?”

Ni Mama Orly aliyekwenda kwanza kwa wakubwa wa mtaa kusema samaki wake wananuka. Hakugombana. Alisema tu. Siku moja akaja Yannick, fundi wa mradi fulani wa maji machafu, kijana aliyevaa buti safi mno. Kavira alitazama buti zile, akajua kazi ya mtu huyo ni maneno.

Lakini Mumbere alipenda amani na jirani. Wakajenga mabeseni ya saruji uani, maji yapite moja baada ya lingine. Katika la kwanza mafuta mazito yalielea na kuchotwa kwa kopo. La pili lilijazwa mawe meusi ya volkano yaliyopakiwa Goma, na mashine ndogo ikapuliza hewa chini yake, maji yakawa yanachemka baridi. La mwisho lilioteshwa matete. Yannick akaleta ndoo ya matope kutoka pale garaje nyingine ya zamani ilipokuwa imemwaga mafuta miaka na miaka, akayatupa juu ya mawe. Baada ya muda mawe yakaota ute. Ute wa kahawia, mzito, kama uji uliosahauliwa.

Kavira alisimama kando, kitenge kimeziba pua.

“Mama Chancelle,” Yannick akamwambia, maana Chancelle ndiye binti yake wa kwanza, “ile mafuta unaona juu ya maji, haina shida. Shida iko ile huone. Esansi iko na kipande yenye inayeyuka ndani ya maji. Njo inaleta harufu, njo inaingia mu nyama ya samaki. Huwezi kuichota. Huwezi kuichuja na kitambaa.”

“Sasa nani ataitosha mule ndani?”

“Vidudu. Viko mu ule ute. Ni vidogo sana, jicho haivione. Vinaikula.”

“Vinakula esansi.”

“Ndiyo, mama.”

“Na ya kunywa unavipatiaka nini? Bia?”

Mumbere akacheka. Akauona uso wa mke wake, akaacha.

“Vinaomba hewa tu,” Yannick akasema. “Na visipate sabuni. Zaidi sana Javel, ile dawa ya kutakatisha nguo. Javel inaviua vyote.”

“Ulisoma miaka ngapi, mutoto wangu?”

“Mingi, mama.”

“Miaka mingi ya kujifunza kufuga uchafu,” Kavira alisema, akaingia ndani.

Kazi ikaenda. Maji yalitoka kwenye matete bila rangi na bila harufu. Samaki wa Mama Orly wakanenepa, na sokoni watu wakaacha kuwanusa kabla ya kununua. Kavira aliona. Hakushukuru ute. Kwake maji yalikuwa yamesafika kwa sababu yalitembea, na harufu ilikuwa imechoka njiani. Kila asubuhi alipita kando ya beseni kama mtu anayepita kando ya mlevi aliyelala.

Basi, Chancelle akapata mchumba. Familia nzuri, watu wa kanisa, baba alikuwa mwalimu mkuu. Wakasema watakuja Jumamosi mchana kujitambulisha. Mumbere alikuwa amekwenda Ariwara na kamyo, angerudi siku ile ile akiwa na mbuzi.

Njia kutoka mlangoni mpaka sebuleni ilipita kando ya beseni la mawe. Kavira alisimama katika njia ile akaiona kwa macho ya wakwe. Aliona kanzu za wakwe, viatu vya wakwe, pua za wakwe. Halafu ute.

Jumamosi asubuhi ni salongo. Mji wote unatoka na majembe na mafagio, maduka yanafungwa, kila mtu anasafisha mbele yake. Askari polisi wanapita kuangalia nani amelala. Siku ile Kavira hakutoka barabarani. Aliwaita wafanyakazi wa garaje.

“Leo salongo iko hapa ndani. Mutoshe maji ya ile beseni, mumwange mu shimo. Mutoshe mawe, moja moja.”

Fundi mmoja, Katsuva, akajikuna shingo.

“Mama, Yannick alisema—”

“Yannick analala hapa? Binti ya Yannick njo inaolewa?”

Katsuva akachukua ndoo. Kavira akafunga kitenge kiunoni, akapiga magoti pamoja nao. Brosi, sabuni ya unga, maji ya moto. Ute ulitoka kwa vipande, ukanuka udongo na kitu kingine kama kisima kilichofungwa. Mara mbili alitaka kutapika, hakutapika. Mwisho akafungua bidoni ya Javel, akaimwaga yote juu ya mawe na kuta, akaacha ikae. Harufu ile ilimpanda kichwani vizuri, kama asubuhi ya Pasaka. Mawe yakabaki meusi, yanang’aa, wakayapanga tena ndani na kujaza maji. Matete nayo akayapunguza, akayafunga mafungu kwa utepe.

Wakwe wakafika. Shangazi mmoja mnene alisimama kando ya beseni, akatazama maji yanavyoruka juu ya mawe.

“Munabatizaka hapa?” aliuliza.

“Hapana, ni ya garaje,” Kavira alisema, kama mtu anayesema ni kitu kidogo.

“Garaje,” shangazi akarudia, akamtazama mwenzake. “Watu wa Butembo.”

Kavira alikula siku ile kwa furaha. Mumbere alifika na mbuzi wake, akaona mawe yanang’aa, akafungua kinywa, akakifunga. Wageni walikuwa katika sala. Kesho yake hakusema. Kesho kutwa pia. Mumbere alikuwa hodari wa kunyamaza, na Kavira alikuwa amemzoesha.

Kamyo ziliendelea kuoshwa. Mafuta ya juu yaliendelea kuchotwa. Maji yalitoka meupe kama kawaida, na Kavira alimwonyesha Katsuva kwa kidole.

“Unaona? Vidudu vyako viko wapi? Maji iko safi.”

Kitu kimoja tu kilimkera. Ua ulianza kunuka esansi. Mashine ilipopuliza, mapovu yalipanda na harufu ikapanda nayo, ikaingia mpaka katika mashuka. Alilaumu kamyo. Alilaumu madereva, watu wasiojua kufunga kifuniko cha tanki. Wenzake wa kwaya walipomwuliza juu ya harufu, alisema upepo umegeuka.

Siku moja mchana Mama Orly alipanda mteremko na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Wanawake hao wawili hawakuwa watu wa kutembeleana. Walisalimiana juu ya mfereji, basi. Kavira akampa kiti cha plastiki, akakipangusa kwanza, mbele yake.

“Nimesikia bakwe balikuja,” Mama Orly alisema. “Sikuleta kitu. Njo nimeleta leo.”

Akafunua. Tilapia nzima, imepikwa na nyanya, kitunguu na mawese. Kavira alijua adabu. Chakula cha jirani kinaliwa mbele ya jirani, na sahani hairudi tupu. Miaka ile, mtu akikataa sahani yako, alikuwa amesema neno ambalo hakuna anayeweza kulirudisha. Akanawa mikono. Akamega mgongoni, pale penye nyama.

Nyanya ilikuwa nzuri. Chumvi nzuri. Halafu, alipomeza, kitu kikapanda puani kutoka nyuma ya ulimi. Alikijua. Alikuwa analala nacho katika mashuka.

Akamega tena, akatafuna polepole. Mama Orly alikuwa anamwangalia.

“Ni samaki yako?”

“Ni yangu.”

“Weye umeonja?”

“Nimeonja,” Mama Orly akasema. “Njo maana nimekuletea.”

Kuku alipita kati yao. Hakuna aliyemfukuza.

“Sokoni hawanunue tena,” Mama Orly akaendelea, sauti ile ile. “Banasema ninaua samaki na dawa, zielee, nichote bila kazi. Wengine banasema ni sumu, nimetumwa. Nikikaa, bale ba kando banasogeza meza yao. Banauliza maji yangu inatoka wapi.”

“Na unajibu nini?”

“Ninasema inatoka kwa Mungu.” Akakunja kitambaa chake magotini. “Nikisema inatoka kwa batu ya Butembo, unajua vijana batafanya nini na ile neno. Batakuja hapa na esansi ingine.”

Kavira aliweka mfupa kando ya sahani. Matusi alikuwa ameyazoea, na alikuwa na ya kurudisha. Hili halikuwa tusi. Mwanamke ambaye Kavira alikuwa amemcheka kwa neno la filimbi alikuwa anakaa sokoni bila kuuza, anatukanwa, na anafunga mdomo ili nyumba ya Kavira isichomwe. Kavira alitafuta kitu cha kudharau ndani yake, hakukipata, na jambo hilo lilimkasirisha kuliko samaki.

Akala samaki yote. Kichwa pia. Kisha akajaza sahani maharagwe, akamrudishia.

“Nani alikuomba unifichie?” alisema.

“Hakuna.”

“Basi usinifichie tena.”

Yannick aliitwa. Alifika na buti zake, akaingiza mkono ndani ya beseni, akatoa jiwe, akapitisha kidole juu yake. Kidole kikalia kama juu ya sahani.

“Nani aliosha?”

“Miye.”

“Na nini?”

“Javel. Bidoni muzima. Na brosi. Na magoti yangu. Unataka kujua na nguo gani?”

Yannick akarudisha jiwe.

“Vimekufa, mama. Esansi inapita tu. Nusu inabebwa na hewa, munainusa hapa. Nusu inateremka kwa Mama Orly.”

“Leta vingine.”

“Havinunuliwe mu butike.” Akafikiri. “Mu mufereji, kule chini kwa Mama Orly, mawe ingali na ute kidogo. Vyenye vilizoea esansi. Tuchukue ile, tupande hapa. Lakini kamyo zisioshwe kwanza. Na vidanje, ile ya kubadilisha mafuta, isifanywe. Mpaka vikamate. Na Mama Orly afungulie bwawa maji ya chemchemi ya ng’ambo ile. Samaki zikikaa mu maji safi, ile harufu itatoka mu nyama pole pole.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka vikamate.”

“Vidudu njo bakubwa ya nyumba sasa,” Kavira alisema. Lakini alikuwa ameshachukua ndoo.

Wafanyakazi walijitolea kushuka. Akawakatalia, alisema watachukua matope na kuyaita ute. Alishuka mwenyewe, akaingia katika mfereji mpaka magotini, akakwangua mawe kwa kucha, uso umegeuka pembeni. Safari hii alitapika. Mama Orly alikuwa ng’ambo ya bwawa anafungua njia ya chemchemi kwa jembe. Aliona, akaendelea kulima. Hakuna aliyemsaidia mwenzake, na ilikuwa vizuri hivyo.

Mumbere alipokuta mlango wa garaje umefungwa kwa mnyororo, alijaribu kusema.

“Mama Chancelle, kamyo zitaosheka wapi?”

“Mu mvua. Mungu iko na maji.”

“Dereva batakwenda kwa bengine.”

“Baende. Na uchafu yao.”

“Ungeniuliza mbele ya kuosha yale mawe—”

“Uliona, ukanyamaza,” Kavira alisema. “Sasa nyamaza vilevile.”

Akaenda kuwaambia madereva.

Siku ya soko Kavira alivaa kitenge cha kanisa, akaenda Nyakasanza upande wa samaki. Meza ya Mama Orly ilikuwa peke yake, imeachiwa nafasi kama ya mgonjwa. Juu yake hakukuwa na samaki, alikuwa anauza nyanya chache zilizokunjamana. Kavira alisimama katikati ya njia, pale wachukuzi wanapopita, akaziba njia kwa makusudi.

“Ninyi munaosema huyu mama anaua samaki na dawa,” alianza, sauti ya kwaya, bila kupiga kelele, “ninyi hamukufikiri. Mutu ambaye samaki njo chakula ya batoto yake, atatia dawa mu bwawa yake? Hata kuku hafanye vile.”

“Weye ni nani yake?” muuza dagaa mmoja akauliza.

“Si mutu yake. Hata simupende.” Mama Orly aliinamisha kichwa juu ya nyanya. “Ile maji ni yangu. Ya garaje yangu. Kulikuwa na vidudu vinaisafisha. Niliviosha.”

“Uliosha vidudu?”

“Na Javel. Bakwe balikuwa banakuja.”

Vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki walishuka, wakasogea. Mmoja alimtazama Kavira juu mpaka chini, akitafuta katika uso wake ni mtu wa wapi.

“Kwa hiyo ninyi watu wa kule njo munatutilia sumu mu maji,” akasema.

Kavira alimgeukia kwa taratibu. Alitazama kola yake.

“Hii si sumu. Ni ujinga. Sumu inaomba akili, mutoto wangu. Ningekuwa na akili ya sumu, ningekuwa ninaosha mawe na sabuni?”

Muuza dagaa ndiye aliyecheka wa kwanza, cheko la tumbo, ameshika meza. Wengine wakafuata. Mtu akarudia, “Aliosha vidudu na Javel, juu ya bakwe,” na neno likaruka kutoka meza hadi meza, mpaka kwa wauza majani ya pondu, mpaka kwa wauza mkaa, likizidi kuwa la ajabu kila lilipotua. Kijana wa pikipiki alijaribu kubaki na hasira, lakini hasira inahitaji wenzake. Akarudi kwenye pikipiki.

“Mama Javel,” mtu akaita nyuma yake.

Kavira aliondoka bila kugeuka. Alitembea polepole, maana walimtaka akimbie. Jina lilimtangulia nyumbani. Chancelle alilia kwa aibu. Wakwe walisikia pia, na shangazi yule mnene akaomba aelezwe tena, mara mbili, kwa raha yake, lakini ndoa haikuvunjika.

Ute ukarudi juu ya mawe, kidogo kidogo, kwanza kama jasho, kisha kama ngozi. Garaje ikafunguliwa. Lakini Mama Orly alipopeleka tena tilapia sokoni, hakuna mkono uliogusa. Wanunuzi walisimama mbali, wakitazamana.

“Mama Javel aonje kwanza,” muuza dagaa akasema.

Ilikuwa utani. Soko likaufanya sheria. Kavira akaitwa, akaja amekasirika, akapewa kipande cha kukaanga juu ya jani. Akatafuna mbele ya watu wote huku akiwadharau mmoja mmoja.

“Iko namna gani?” Mama Orly akamwuliza.

“Umezidisha mafuta. Esansi hakuna.”

Wakanunua. Siku ya soko iliyofuata wakamwita tena. Alisema si mbwa wao wa kuonja. Akaja. Ikawa hivyo mvua baada ya mvua, kiangazi baada ya kiangazi, hata watu waliposahau sababu na kuona ni desturi tu ya samaki wa Mama Orly. Hakumpenda Mama Orly. Hakumwalika, hakukaa naye. Alionja, akataja kosa, akaenda. Kosa halikukosekana: chumvi, moto, jani chafu. Juu ya esansi tu hakuwahi kusema uongo, na wote walijua hilo.

Alikufa kwa homa, mwanzoni mwa mvua, nyumba ikiwa imefagiliwa.

Katika matanga wanawake walipika uani. Mama Orly alipanda mteremko na sufuria kubwa ya tilapia, akaiweka kati ya watu. Vifuniko vingine vilifunguliwa, watu wakapakua. Ile haikuguswa. Hakuna aliyeidharau. Walikaa tu, mikono imeoshwa, kama wanaomngoja mtu.

Mumbere aliinuka pale alipokuwa amekaa na wanaume. Akaenda, akamega mgongoni, akatafuna.

“Ni safi,” alisema. “Mule.”